Jani Lisilo na Tundu

Jana asubuhi mlipita mbele ya poshomili, kinu cha unga, hapa Siakago, wanne, kila mmoja na gunia la mboga ya mchunga begani. Niliwaita, mkanipungia mkono mkaendelea kucheka. Nilichosema hamkukisikia. Nilisema: hebu nione majani.

Jani moja lilikuwa limeanguka barabarani, nikaliokota. Lilikuwa pana, kijani kibichi, zuri kuliko majani mengi niliyowahi kuchuma. Nililigeuza huku na huku nikatafuta tundu hata moja, nikalikosa. Tangu saa hiyo sijatulia. Nilikula chakula cha mchana bila kukisikia utamu. Goti langu haliwezi kuwakimbilia, kwa hiyo naandika kwenye daftari la binti yangu, na daftari nitaliacha kwa mama wa poshomili, maana najua mtarudi hapo kupima magunia yenu. Someni mpaka mwisho kabla hamjatoka tena.

Mnanijua kama yule mzee wa goti, ingawa hamsini sijaifikia. Kabla ya goti nilikuwa mchumaji. Nilimaliza kidato cha nne, nikangoja kazi ya ofisi miaka miwili, haikuja, na mimi ni mtu ambaye nikikaa mahali pamoja miguu huanza kuwasha. Basi nikawa nafuata mvua. Mvua ikinyesha hapa Mbeere, nilichuma hapa. Huku kukianza kukauka nilipanda Runyenjes, nikavuka Chuka, nikaenda mpaka Muthara na Maua, mahali ardhi ni nyekundu na jani la porini halikosekani. Nililala kwa watu wa kanisa, kwenye stoo za mahindi, mara moja kwenye banda la mbuzi ambao walinikubali kuliko mwenye nyumba. Mpaka leo mvua ya kwanza ikigonga mabati natamani kubeba gunia niondoke. Mke wangu hunitazama tu na kusema, "Baba Wanja, goti."

Aliyenifundisha ni jirani yetu mmoja, bibi tuliyemwita Cucu Ciarunji, mwanamke mfupi aliyetembea ameinama hata pale ambapo hakukuwa na kitu cha kuokota. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni maziwa. Ukivunja kikonyo cha mchunga, hutoa maziwa meupe. Majani yana meno pembeni, ua ni la manjano, na likikomaa linageuka pamba nyeupe ambayo upepo hubeba. Nyumbani tunauita muthunga, na mama zetu walikuwa wakiung'oa kwenye kunde huku wakiulaani, kisha jioni wanaula.

Nikafikiri nimeshajua kazi. Siku ya tatu nilimletea mzigo mzima wa mmea mwingine wenye maziwa, nikiwa nimejaa majivuno.

"Umeonja?" akaniuliza.

"Bado, Cucu."

"Onja sasa. Gusa na mdomo wa chini, usimeze."

Nikagusa. Mdomo ulivimba hadi nikafanana na mtu aliyeumwa na nyuki. Jumapili sikuweza kuimba kanisani, na yeye alikaa kiti cha mbele akigeuka kunitazama kila wimbo ulipoanza. Baadaye aliniambia, "Njeru, maziwa ni mlango tu. Ukishaingia mlangoni bado hujajua uko nyumbani kwa nani."

Ndivyo alivyofundisha. Alinionyesha kuchuma majani ya chini na kuacha moyo wa mmea ili uote tena. Alinionyesha kuchemsha mchunga na kumwaga maji ya kwanza, kisha kuupika pamoja na terere, ule mchicha wetu, na kunde ili uchungu upungue bila kuisha, maana uchungu ukiisha wote basi umepika nyasi. Huko juu Meru, kwenye baridi, nilikuta ndugu yake mchunga: majani yamelala chini kama sahani, na kila kikonyo kitupu kimebeba ua moja tu la manjano. Huo mizizi yake huchimbwa, huoshwa, hukaushwa, hukaangwa mpaka iwe rangi ya kahawa, halafu husagwa na kunywewa. Nimeinywa mara nyingi. Si kahawa, lakini asubuhi ya baridi hutabishana nayo. Wapo wanaosema inasafisha damu. Mimi si daktari, na mteja akiniuliza dawa nilimwambia aende hospitali. Nanyi mwambieni hivyo.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa tundu. "Tazama jani," alisema. "Mdudu amekula hapa, konokono amekula pale. Hao wameonja kabla yako na bado wako hai. Jani lisilo na tundu liache. Mdudu hajalikataa bure."

Wakati ule maneno haya yalikuwa mepesi. Hakuna mtu huku kwetu aliyekuwa na pesa ya dawa ya shamba, kwa hiyo kila jani lilikuwa na tundu. Siku hizi ni vingine. Tulikuwa tukifunga mafungu kwa kamba ya mkonge na kuyafunika na jani la mgomba, mteja anakuja anashika, ananusa, anavunja. Nyinyi mnapiga picha, mnatuma kwa simu, mteja anachagua kwa macho. Na macho hupenda jani zima. Ninawaelewa. Hata mimi niliponzwa na hayo hayo, bila simu.

Ilikuwa Muthara, miaka michache kabla ya goti kuniangusha. Nilikuwa nimepanga chumba huko kwa msimu wa mvua. Mteja wangu mkubwa alikuwa Karimi, mwenye hoteli ndogo karibu na soko, mama wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kuongeza supu. Kila asubuhi alinisalimu kwa Kimeru na kunitania mbele ya watu.

"Muga, Mbeere!"

"Muga muno, mama."

"Leo umeniletea mboga ama umeniletea neti ya mbu? Tazama! Naona mpaka upande ule mwingine!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema mwanaume mzima kuuza chakula cha sungura ni ajabu, na tena sungura wenyewe wametangulia kula. Nikacheka nao, lakini ndani niliumia. Karimi akashusha sauti: "Si matusi, baba. Watu wa kazi wakiona tundu kwenye sahani wanasema sijaosha. Niletee safi nichukue nyingi."

Asubuhi iliyofuata nilipita kando ya shamba moja la miraa. Chini ya miti, pale pembeni, mchunga ulikuwa umejaa kama umepandwa. Majani mapana, mazima, yanang'aa kwa umande. Nilifanya nilichodhani ni adabu yote: nilibisha kwa mwenye shamba. Mke wake akatoka na mtoto mgongoni, akasema, "Chukua hata yote, hayo ni magugu. Unatusaidia." Nikachuma. Nakumbuka mikono yangu ilinuka kitu kama mafuta ya taa. Nikajiambia ni taa yangu ya jana. Nakumbuka pia kwamba sikuona mdudu hata mmoja, wala buibui, na moyo ulinigusa kidogo, nikaunyamazisha na sauti ya Karimi.

Nilifunga mafungu manane. Matano alichukua Karimi, akanipiga bega kwa furaha. Mawili alichukua mwalimu mmoja wa shule ya msingi. La mwisho lilichukuliwa na mwanamke mmoja aliyejifunga kitambaa cha manjano na kubeba kuku kwapani. Aliniambia, "Ni ya mama. Amekataa chakula wiki hii. Anataka kitu kichungu tu." Nikamwambia kama ni uchungu, amefika.

Kabla ya saa sita nilishuka mtoni kunawa. Nikamkuta Mwenda, kijana aliyefanya kazi kwenye lile shamba la miraa, akisuuza pampu ya dawa.

"Mzee wa Mbeere," akasema, "ni wewe umetoa yale majani pale chini ya miraa? Nimepita nikaona pamefagiwa."

"Ni mimi. Mama alinikubalia."

Akaacha kusuuza. "Mama alikuwa kwao, amerudi jana usiku. Hajui. Nilipiga dawa jana jioni. Miti yote, na ile ya pembeni nikarudia." Akanitazama usoni. "Umewapa sungura, si ndiyo?"

Niliacha gunia palepale mtoni nikakimbia.

Nilipofika kwa Karimi, sufuria ilikuwa inatokota na watu wa kazi wameshakaa. Nilitaka kumvuta pembeni nimnong'oneze, nilinde jina langu. Nikamwona mtu mmoja ameinua kijiko. Basi nikapiga kelele: "Msile! Mboga ina dawa!"

Yule mwenye kijiko akakirudisha taratibu, kama kinaweza kulipuka. "Supu pia?" akauliza.

"Supu ni ya nyama," Karimi akasema, macho yake kwangu. "Njeru, unasema nini?"

Nikasema yote. Alibeba sufuria kwa mikono miwili, akaimwaga kwenye shimo la taka, akairudisha akaigonga mezani. "Nilikuambia ulete safi," akasema. "Sikukuambia uue wageni wangu." Halafu, kabla sijapata neno la kuomba msamaha: "Wengine wako wapi? Kimbia, mjinga wewe! Utalia baadaye!"

Kwa mwalimu nilifika nikihema. Mafungu yake alikuwa amewapelekea sungura wa shule. Tulikimbia pamoja hadi kwenye vibanda. Fungu moja lilikuwa bado limefungwa, la pili limetupwa ndani dakika ile ile. Tuliyatoa majani yote, tukahesabu hata vipande. Sungura mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Mwalimu akashika kichwa. Nikamgusa yule sungura kwa kidole. Akafungua jicho, akanitazama kwa dharau, akalala upande wa pili. Alikuwa amelala tu. Mwalimu alianza kucheka na mimi nikataka kucheka, lakini kicheko kiligoma kutoka, maana lilibaki fungu moja, na sikujua hata jina la aliyelibeba.

Nilichojua ni kitambaa cha manjano na kuku. Jaribuni kumtafuta mtu hivyo Tigania, huko kote kuzunguka Muthara, mchana wa jua. Nilipanda kilima cha kwanza nikimwuliza kila niliyekutana naye. "Kitambaa cha manjano? Unamtakia nini mke wa watu?" Mzee mmoja alinisimamisha kwa fimbo yake akaniuliza ukoo wangu. Mwanzoni nilisema uongo, kwamba nina chenji yake. Walinitazama vibaya zaidi. Mwishowe nikaanza kusema ukweli kwa kila mtu, moja kwa moja, kabla hata ya salamu: mimi ni yule muuza mboga, nimeuza mboga yenye dawa, kuna mama mgonjwa atakula. Hapo ndipo milango ilifunguka. Mama mmoja aliacha jembe akaniambia, "Huyo ni Kendi. Kuku ni wangu nimemwuzia. Fuata njia ya mikindu mpaka nyumba ya mabati mapya."

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na nimetembea nyingi.

Kendi alikuwa nje anapepeta maharagwe. Beseni ya mchunga ilikuwa kando yake, majani bado hayajapikwa. Niliona beseni nikapiga magoti kando yake. "Asante Mungu," nikasema. "Hamjala."

"Hatujapika," akasema Kendi. "Lakini mama ametafuna mabichi. Hupenda hivyo. Kuna nini?"

Mama yake alikuwa ndani, amekaa kitandani, mwanamke mwembamba mwenye shuka mabegani. Jasho lilikuwa limemtoka usoni na mate yalikuwa yakimjaa mdomoni, akiyafuta kwa pindo la shuka. "Ni wewe umeuza?" akaniuliza. "Ni kali hii. Tumbo linanikata."

Nikawaambia majani yalikuwa na dawa ya shamba, Kendi akaita bodaboda, tukampakia katikati, Kendi nyuma yake, nami nikafuata kwa miguu nikikimbia pale njia iliposhuka. Kwenye zahanati muuguzi alimpokea haraka, akanigeukia.

"Ni dawa gani?"

"Dawa ya miraa."

"Jina?"

"Sijui."

"Ya unga au ya maji? Chupa yake iko wapi?"

"Sijui."

Vijana, kuna maneno mengi mabaya nimeambiwa maishani. Hakuna lililonichoma kama lile langu mwenyewe, sijui, huku yule mama akitapika nyuma ya pazia. Muuguzi hakunigombeza. Alisema tu, "Nitafanya ninachoweza. Lakini lete chupa."

Nilirudi kule shambani kwa bodaboda ile ile. Mwenda alipotuona hakuuliza. Alikuwa ameshaitupa chupa kwenye shimo la choo cha zamani, kwa hiyo tulilala kifudifudi, yeye ananishika mshipi, mimi nina mti wenye ndoano. Kofia yangu ilianguka humo na humo iko mpaka leo. Chupa ilipanda mara mbili ikateleza. Mara ya tatu Mwenda akasema kwa sauti ndogo, "Usivute kwa haraka. Vuta kama unatoa asali." Ikatoka. Karatasi yake ilikuwa imechanika nusu, lakini jina lilisomeka. Nikaifunga kwenye mfuko bila kuigusa kwa mkono, tukaondoka.

Muuguzi alisoma lile jina, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaingia ndani na sindano. Nilikaa kwenye benchi nje. Kendi alitoka, akakaa upande wa pili wa benchi, mbali nami. Hakunitukana. Alisema, "Mimi ndiye nilichagua fungu lile. Kulikuwa na mengine kwa mama mmoja pale sokoni, yana matundu. Nikasema mama yangu asile makombo ya wadudu." Jua likashuka, na muuguzi akaja kutuambia mama ameomba chai.

Alilala pale siku mbili. Siku ya tatu alirudi nyumbani, nami nikaenda kumwona nikiwa nimebeba sukari na mkate. Alitazama zawadi akaiweka kando.

"Mchunga uko wapi?"

Nikafikiri ananidhihaki. "Mama, baada ya yale yote?"

"Nilisema nataka kichungu. Bado nataka. Lete kesho."

Nilishuka mpaka kando ya njia mbali na kila shamba, nikachuma majani yaliyotobolewa kama chujio. Niliyaosha mara nne. Nilipomletea, alivunja jani moja, akanusa maziwa, akalinyoosha dhidi ya mwanga wa dirisha, jua likapita kwenye matundu. Kisha akanipa mimi.

"Kula."

Nikala. Alinitazama nikitafuna, nikimeza, akangoja muda mrefu kama wa sala, halafu ndipo akala. Tangu siku ile sikuuza fungu kabla sijala jani moja bichi mbele ya aliyelinunua. Karimi alinipokea tena kwa sharti hilo, na watu wake walikuwa wakinihesabia: moja, mbili, meza! Siku za soko tumbo langu lilikuwa chungu kama nyongo. Na kila asubuhi, kabla ya kuinama, niliuliza swali moja, dawa imepigwa lini, na sikumwuliza mwenye shamba. Nilimtafuta anayebeba pampu. Mwenye shamba anajua mpaka wake. Anayebeba pampu anajua siku.

Sasa mnajua kwa nini sikulala. Lile jani lenu liko hapa mezani, nimeliwekea glasi juu lisipeperuke. Labda limetoka mahali pasipo na shida. Labda wadudu wa mwaka huu ni wachache. Nimejiambia hivyo usiku mzima, na ninaijua sauti hiyo, ni ile ile iliyosema harufu ni ya taa.

Kwa hiyo mkishasoma, msiuze kitu kwanza. Mliyemwuzia jana, mfuateni mumwambie, kwa sauti, hata mbele ya watu. Kama alikuwa na beseni kando yake, mwageni. Kama amekula, mtafuteni anayebeba pampu na mje na chupa, wala msiseme sijui.

Halafu njooni kwangu na magunia yenu, nyote wanne. Nitakuwa nimekaa mlangoni. Fungu nitalichagua mimi mwenyewe, nitalifungua, na nitampa kila mmoja wenu jani bichi. Sitaangalia midomo yenu. Nitaangalia mikono. Mkono ukisita tu, hata kidogo, nitakuwa nimepata jibu, kwamba hamkumwuliza anayebeba pampu, na hilo jani hamtalila, wala hatalila mama wa mtu.